Toa Soksi, Musawo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha kufunga vidonda cha zahanati moja ya kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilivaa koti jeupe la musawo, ndivyo huku wanavyomwita daktari au muuguzi, na kiburi cha kutosha. Mkuu wa zahanati, mama Munyankore, mwenyeji wa huku, mwenye sauti ya askari, alinipa mgonjwa, mkulima wa kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, aliyekuwa akichechemea ndani ya buti za mpira. Nikampima homa, nikamuuliza maswali mengi, nikashika kalamu kuandika dawa.

"Wewe musawo mupya," mkuu akanikatiza, "toa hiyo gambuti yake. Angalia chini."

Kisiginoni kulikuwa na baka jeusi, kingo zake hazikunyooka, na katikati limechokolewa. Mkulima alisema ni funza. Kwetu doa jeusi la mguuni ni funza tu, na dawa yake ni pini.

"Funza ukiitoa inaisha," mkuu alisema. "Hii inakua. Mupeleke Mbarara."

Nilimpeleka hospitali kubwa ya Mbarara, na dokta wa ngozi wa huko, mtu mpole, alinifundisha. Hiyo ni melanoma, saratani ya zile chembe zinazoipa ngozi rangi. Iko inayotambaa juujuu muda mrefu kabla ya kushuka ndani ya ngozi. Iko ya kinundu, inayoota upesi na kuzama upesi. Iko ya wazee, usoni, fasi iliyopigwa na jua miaka na miaka. Na iko ya nyayo, viganja na chini ya kucha. Hiyo haingoji jua, na ndiyo inayotupata sisi weusi zaidi ya hizo zingine.

"Usiangalie upana tu," aliniambia. "Uliza imeshuka kiasi gani."

Ya mkulima yule ilikuwa imeshuka sana. Tulimzika.

Tangu hapo nikawa mkali. Aje wa mafua, aje wa tumbo, lazima avue viatu na soksi. Watoto wa kambi wakaniita Toa Soksi, nami nilipenda jina hilo, nisiseme uongo.

Kisha nikastaafu, nikarudi kulima shamba langu hapa kambini. Siku moja nikaona cheusi kisiginoni kwangu. Nikasema ni matope. Nikasema ni gambuti imenibana. Halafu, jamani, nikasema ni funza, nikatafuta pini. Mimi! Nilikaa nyuma ya nyumba nikichokoa, na nikisikia mtu anakuja, navaa soksi haraka.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Mara mbili nilisingizia mafua. Mara ya tatu shemasi alishika mguu wangu, akaugeuza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Muzee, iko nini hapa?" Nikauvuta mguu kwa nguvu, beseni ikamwagika, kanisa lote likageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani mke wangu alifunga mlango. "Baba Furaha, unaogopa kufa ao unaogopa kuchekwa?"

"Kuchekwa," nikasema. Ndiyo kweli yenyewe.

Kesho yake tukaenda Mbarara. Aliyetoka kutuita ni muuguzi, sista niliyemfundisha mwenyewe kufunga vidonda, hapa hapa Nakivale. Alinitazama, akatazama fimbo niliyokuwa nikiegemea.

"Toa soksi, musawo."

Nikatoa. Hakucheka, na heri angecheka. Akainama, akagusa alama za pini moja moja.

"Uliiona lini?"

Nilitaka kusema juzi. "Tangu mavuno yaliyopita," nikajibu, na sikuweza kumtazama.

Walikata kipande, kikaenda maabara. Jibu lilirudi: ni melanoma, na imeshuka. Wamekata kisigino, na sasa wanafuata mitoki, zile tezi za kwenye kinena ambako ugonjwa hukimbilia. Kama nitapona, hakuna anayeniahidi.

Nyinyi vijana wa kazi ya zahanati mnaokuja kuniuliza zamani ilikuwaje, ilikuwa hivyo. Nikiwaonyesha mguu huu uso unaniwaka mpaka leo. Uangalieni vizuri, kisha vueni viatu vyenu, sasa hivi, mbele yangu.