Mlango wa Rusana Usio na Tanzia

Saa mbili asubuhi, ukungu umeimeza bandari ya Varna. Meli hazionekani, honi zao tu zinakohoa. Rusana Kaleva, mtembeza wageni, amesimama mbele ya stesheni na mwavuli wake wa manjano, akiwapokea wastaafu kutoka mji wa Plovdiv.

Leo ni Jumamosi ya wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu. Milangoni, nguzoni, hata kwenye miti, nyuso za marehemu zinachungulia kutoka kwenye karatasi za tanzia. Huyu katimiza siku arobaini tangu afe, yule mwaka, yule miaka kumi.

"Kitendawili!" Rusana anawachokoza.

"Tega!"

"Yuko mlangoni, hodi hapigi, haingii wala haondoki."

"Mama mkwe wangu!" anadakia mzee Gavril. Watu wanaangua kicheko.

"Tanzia, mzee wangu." Kicheko kinakatika.

Mlango wa Rusana mwenyewe ulikuwa haujawahi kubandikwa kitu hadi leo. Mumewe Zlatin, fundi wa mitambo melini, alizama na meli ya mizigo miaka sita iliyopita, mwili haukuonekana. Rusana hakuweka tanzia, hakupika ngano ya wafu, na usiku hafungi komeo. Alfajiri ya leo wifi yake, Ginka, akaja akaibandika mwenyewe.

"Nikaibandua," Rusana anawasimulia wageni. "Akanifokea pale ngazini, majirani wote wakisikia: 'Wifi, unamfunga kaka yangu! Huku hayupo, kule hajafika!' Nikamwuliza, mwili uko wapi?"

Karatasi ameikunja, imo mkobani.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Kiangazi hana pa kupumulia. Novemba, kundi moja kwa wiki ni bahati. Asubuhi huwaonyesha wageni magofu ya mabafu ya Warumi na mitaa ya bandarini. Mchana huwapandisha msituni, monasteri ya Aladzha, ambako watawa walichonga vyumba vyao ndani ya mwamba.

Mchana huu, wakipanda monasterini, ngazi ya chuma inatetemeka. Huko juu, kwenye kikanisa, watakatifu waliochorwa ukutani wamefutika macho. Rusana anaanza kueleza, kisha anasita.

Mluzi. Sauti tatu fupi, ya mwisho ikipanda. Ndivyo Zlatin alivyopiga akipanda ngazi za nyumbani.

"Upepo," anasema haraka.

"Upepo gani, binti yangu?" anauliza Mama Veselka, mwenye umri mkubwa kuliko wote kundini. "Ukungu wenyewe haujatikisika."

Miaka sita Rusana ameusikia peke yake, akanyamaza asije akaambiwa amerukwa na akili. Leo wameusikia wote. Hata Gavril amevua kofia.

Mama Veselka anafungua kopo la ngano ya wafu, iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, anagawa kijiko kwa kijiko. Anayepokea humtaja marehemu wake. "Na wewe, binti. Ya nani?"

Rusana anarudi nyuma. Mluzi unalia tena, safari hii nyuma ya sikio lake.

"Ya Zlatin," anasema, na kumeza. "Mungu amsamehe."

Mluzi haurudi tena. Hata matone mwambani yameacha kudondoka.

Ndani ya basi Gavril anamwuliza kama sasa atabandika tanzia. Rusana anatikisa kichwa huku na huku, namna watu wa Varna wasemavyo "ndiyo".

"Ila si hii ya Ginka. Pichani kamvisha tai! Tai alivaa siku ya harusi tu, akailaani mpaka usiku." Jumatatu atachapisha nyingine, yenye picha ya Zlatin akicheka na samaki mkononi.

"Na komeo?"

Anatazama dirishani, ambako bahari haionekani.

"Litabaki wazi. Aliyekufa hahitaji mlango, mzee wangu. Lakini kama sote tumekosea na bado yu hai, atauhitaji."