Mlinzi wa Udongo

Kila kiangazi kikiingia, wafyatua matofali wa hapa Kasulu huanza kukanda udongo bondeni nyuma ya nyumba yangu, na harufu yake ikipanda mpaka dirishani huwa naacha ninachokifanya. Juzi ilinikuta nimesimama nyuma ya mwanangu Baraka, akicheza vita kwenye simu yangu. Alikuwa anapanga majeshi, anajenga ngome, anachoma vijiji. Nikamuuliza, "Wenye hivyo vijiji wamekwenda wapi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mama, hili gemu halina watu. Lina askari tu."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Espe, na hamu ya kumwona ikanishika mpaka nikatoka nje.

Tulikuwa tukiishi Kitahana, kule Kibondo. Baba alikuwa bwana mifugo, kaletwa na serikali kutoka Dodoma, na nyuma ya nyumba tuliyopewa palikuwa na shimo la udongo lililoachwa na mafundi matofali. Kwa kuwa shimo lilikuwa letu, jenerali nilikuwa mimi. Hakuna aliyenipigia kura, wala sikuona haja. Kaka yangu Juma, aliyenizidi umri na nguvu, alikuwa askari wangu, na manung'uniko yake aliyapeleka jikoni kwa mama.

Espe alikuwa jirani yetu na rika langu. Mama yake na bibi yake walikuwa wamevuka kutoka Burundi wakati wa vita, wakapata kipande cha kulima kwa Waha wenyeji, na maharage yetu tulinunua kwao.

Mchezo wetu ulikuwa hivi. Tulichora vilima kwa kijiti, tukamwaga jivu kuwa mto. Kila upande ulikuwa na nyumba ya magunzi na watu wake wa udongo. Kwa zamu, unasogeza sanamu moja, shubiri moja. Ukimfikia adui, umemla. Ukiteka nyumba, umeshinda. Mimi na Juma tulifinyanga askari watupu, wenye bunduki za njiti za kiberiti. Juma alifinyanga hata kifaru, ingawa kilifanana zaidi na chura.

Espe hakufinyanga askari hata mmoja. Alifinyanga bibi mwenye mkongojo, mama mwenye chungu kichwani na mtoto mgongoni, mbuzi, na mwanamume mmoja asiye na silaha, akamsimamisha mlangoni. Huyo tulimwita mlinzi.

Zamu yake ya kwanza alimsogeza bibi kuelekea mtoni. Ya pili, bibi tena. Juma alicheka mpaka akakaa chini. "Vita gani hii, unaanza na kikongwe?"

Espe alimtazama kwa huruma. "Asiyeweza kukimbia anatangulia. Mkimweka nyuma, mtamwacha."

Kila mara tuliiteka nyumba yake, tukamla mlinzi, tukashangilia. Kila mara Espe naye alishangilia akiwa ng'ambo ya jivu. "Nyumba chukueni, watu wangu wamevuka!" Basi tulikuwa tukigombania ushindi mpaka mama yangu atuite kwa ile sauti yake yenye fimbo ndani.

Jambo moja tu lilinikera kama jenerali. Mlinzi alikuwa na nafasi ya kutosha kutoroka kabla hatujamfikia, lakini Espe hakumsogeza kamwe. Nilimshauri amtoe.

"Oya," alikataa kwa Kirundi. "Huyu anafunga mlango, anafungulia ng'ombe, halafu anakuja. Alisema tutangulie."

Nikaona ni ukaidi tu.

Kisha tukasikia wanahama. Mama yake alikuwa anakwenda kukaa kwa ndugu Munanila, karibu na mpaka. Nilimsikia akimwambia mama yangu uani, "Akivuka, aanze kutuulizia palepale." Sikuuliza ni nani. Nilikuwa na hasira na kila mtu, kumbe ilikuwa huzuni.

Jioni ya mwisho nilitoa amri ambayo jenerali hatoi. Jeshi lisisogee. Zamu zetu tulizimaliza kwa kupeleka kile kifaru mbele na kukirudisha nyuma, Juma akifoka kwamba nimeliuza jeshi. Bibi akavuka, mama akavuka, mbuzi akavuka. Akabaki mlinzi.

"Mtoe," nilimwambia Espe. "Leo hatumli. Ni amri."

Alimsogeza polepole, shubiri kwa shubiri, hadi kwenye jivu. Nilitegemea atashangilia. Badala yake aligusa kile kitoto kilichokuwa mgongoni mwa yule mama.

"Huyu ni mimi," alisema. "Baba akifika, atanijuaje?"

Jenerali hakosi jibu. "Utamwambia jina lako."

"Jina nilipewa huku. Tulipokimbia nilikuwa sijapewa."

Juma alianza kuchokoa udongo kwenye kucha. Mama yake alipomwita, aliinuka akaenda, na yule mwanamume akabaki amesimama ukingoni mwa jivu.

Asubuhi niliwaona wakielekea barabarani. Bibi alitangulia na mkongojo wake, mama akafuata na chungu kichwani, Espe nyuma akivuta mbuzi. Hakuna aliyempita bibi.

Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba sisi tulicheza vita tulivyovisikia redioni, vile vyenye mji uliotekwa na upande ulioshinda. Espe alicheza vita vya kwao, na vita hivyo vilikuwa havijaisha, kwa sababu kuna mtu alikuwa hajafika. Nammisi mno. Natamani nimwambie kwamba sasa najua kwa nini tulikuwa tukibishana.

Mwaka juzi kazi ilinipeleka Munanila. Nikapita sokoni, nikamwambia mama mmoja muuza ndizi kwamba namtafuta Esperansi, mwenzangu wa utotoni.

"Akina Esperansi hapa ni wengi, mama," alinijibu kwa upole. "Huyo wako ni wa nani? Baba yake anaitwa nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Kiangazi kizima nilikuwa nimemteka yule mwanamume mlangoni pake, jioni baada ya jioni, na jina lake sikuwahi kuliuliza. Sisi tulimwita mlinzi.