Rehani ya Suti ya Pichi

Kwetu Sigowet, miaka hiyo ya tisini, hakuna mwanamke mwenye akili zake aliyenunua nguo siku ile ile aliyoiona. Nguo ilipelekwa nyumbani kwanza, ikaonwe. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kisii ndiye aliyekuwa na kibanda cha nguo pale sokoni, na biashara yake yote ilisimama juu ya desturi hiyo. Ulichagua gauni, ukalikunja kikapuni, ukaenda nalo. Likaonwa na mume, ambaye alisema hajui mambo ya nguo. Likaonwa na jirani, ambaye alijua kupita kiasi. Likajaribiwa na wanawake wanne wa vipimo vinne, na baada ya siku tatu likarudi sokoni likinuka moshi, au zikaja pesa badala yake. Ili mwenye kibanda asikose usingizi, uliacha kitu: thamosi, mwavuli, kuku. Ukikosa kitu, uliacha mtoto. Mimi niliachwa mara mbili kabla sijafika darasa la nne, mojawapo kwa sababu ya sweta, na mara zote nilipewa maharagwe nichambue na kikombe cha chai ya maziwa. Hakuna aliyeona ajabu.

Nayasema haya mapema ili msimhukumu mama yangu kwa alichokifanya Nairobi.

Kaka yangu alikuwa anaoa binti wa jiji. Wakwe walituma kadi yenye maua, na ndani yake amri: akina mama wa pande zote mbili wavae rangi ya pichi. Mama aliigeuza kadi akatafuta maelezo upande wa nyuma. "Pichi ni gani?" Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, kwa hiyo nilijua kila kitu. Nikamwambia ni kama papai lililosagwa na maziwa. Akafikiri kidogo, akasema watu wa jiji wana shida.

Lakini aliitaka hiyo suti, na aliitaka kwa sababu ya shangazi. Dada yake baba alikuwa ameolewa Nairobi na mtu wa ofisi za serikali, na tangu mama aingie katika boma letu hakuwahi kuvaa kitu ambacho shangazi hakukitia kasoro. Siku ya arusi yake mwenyewe aliulizwa kama dirishani kumebaki pazia. Kila ubatizo, kila matanga, swali lilikuwa lile lile, mbele za watu, kwa sauti ya asali: "Hii ulishona mwenyewe?" Sasa mama alitaka siku moja tu. Mwanawe wa kwanza anaoa. Aingie kanisani, akae kiti cha mbele, na shangazi akose la kusema. Njia ya uhakika ilikuwa moja. Katika ukoo wa baba, nguo ya sherehe huonwa kwanza na dada wa mwenye boma, na akishaikubali hawezi tena kuicheka. Shangazi alikuwa ameumia goti, hatoki nyumbani. Basi nguo ingemfuata huko huko kwake.

Tulifika Nairobi Alhamisi asubuhi, na baada ya kupanda ngazi za maduka sita tukaipata katika la saba. Lilikuwa duka la zulia na vioo, lenye karatasi kubwa ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mwenye duka, mwanamke aliyeweka miwani ya jua juu ya nywele, alikuwa kwenye simu akimlalamikia mtu kwamba siku hizi wateja wamepotea mjini. Sisi wateja tulikuwa tumesimama mbele yake. Msaidizi wake, msichana wa umri wangu mwenye kucha nyekundu, alikuwa anasoma gazeti, ule ukurasa wa nyota. Mama akamnyooshea mkono. Msichana akautazama, kisha akaugusa kwa vidole viwili.

"Habari ya nyumbani?" mama akauliza.

"Bei ziko kwa nguo," msichana akajibu.

Suti yenyewe ilikuwa na mabega yaliyoinuka na vifungo vya rangi ya dhahabu. Mama alipotoka nyuma ya pazia akiwa ameivaa, nilisogea nimwone vizuri. Miaka yote hiyo nilimwona katika koti la kuchumia majani chai, na sikuwahi kujua kwamba mama yangu ana kiuno. Alijitazama kiooni, mbele, ubavuni, akatabasamu kidogo akidhani simwoni.

"Imekukaa vizuri sana, customer," msichana akasema bila kuinua macho. Baadaye nilimsikia akimwambia hivyo hivyo mwanamume aliyeingia kuuliza njia.

Mama akaivua, akaikunja vizuri, akamweleza kwa heshima. "Sasa mwanangu, hii naenda kuonyesha wifi yangu, goti inamsumbua. Nikirudi nalipa yote. Huyu msichana wangu nawaachia."

"Sawa," akasema msichana, akafungua ukurasa mwingine.

Mimi nilipinga. Nilikuwa mtu mzima wa miaka kumi na minane, mwenye nywele zilizochomwa kwa kitana cha moto. Nikamwambia mama hapa si Sigowet, anunue kwanza ndipo aende nayo. Akanionyesha ile karatasi ya ukutani. "Si wao wenyewe wamesema ukinunua hairudi? Sasa mtu atanunua aje kabla haijaonwa? Kaa hapo, usisumbue watu." Akatia suti kikapuni, akashuka ngazi. Ilikuwa saa nne.

Mwenye duka alimaliza simu yake karibu saa tano. Akaiona hanga tupu.

"Suti ya pichi iko wapi?"

"Mama ameenda nayo," nikasema.

"Amelipa?"

"Bado. Ameniacha mimi."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijaona tena uso ukibadilika rangi namna hiyo. Akamgeukia msaidizi. Msaidizi akaapa kwamba hakusikia kitu, na nadhani alisema kweli. Mwenye duka akataja polisi, akanizunguka mara mbili akinikagua, akaniuliza nitamfaa nini mtu aliyepoteza suti kutoka ng'ambo. Swali hilo liliniingia kwa sababu nilikuwa najiuliza lilo hilo. Nilimkasirikia mama kwa dhati. Mtu na cheti chake anawekwa rehani kama thamosi! Na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana jiji ni kubwa na mama hajui mtaa hata mmoja, ana tu karatasi yenye namba ya nyumba ya shangazi.

Kukaa bure sikuzoea, kwa hiyo wateja walipoingia nikasimama. Sikujua huduma ya wateja ni kitu gani, nilijua tu jinsi ya kumpokea mgeni. Niliwapa mkono wote. Niliwauliza wametoka wapi na kama mvua imenyesha huko. Mama mmoja mnene alijibana katika gauni la zambarau, na msaidizi akaimba wimbo wake wa "imekukaa vizuri". Mimi nikamwambia, "Hapana, mama, mgongoni inataka kupasuka. Vua tujaribu ile ya kijani." Mwenye duka alifumba macho. Yule mama akacheka hadi akakaa chini, akanunua ile ya kijani na kitambaa cha kichwa, akaahidi kuleta dada zake. Kufikia saa nane nilikuwa nimeletewa soda. Kufikia saa tisa mwenye duka alikuwa ananiita "auntie" na kumwuliza msaidizi kwa nini yeye hawezi kuongea na watu. Hakusema tena juu ya polisi, lakini kila nyayo ziliposikika ngazini sote watatu tulitazama mlango, na haikuwa mama.

Saa kumi na nusu mwenye duka akaanza kufunga. "Mama yako amekuacha kwa bei nafuu sana," akaniambia, na hakuwa anatania. Nilikuwa karibu kulia.

Mama aliingia wakati msaidizi anateremsha pazia. Alikuwa amekimbia, kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani na kiatu kimoja kimefunguka. Alinitazama mimi kwanza, juu mpaka chini. Kisha akafungua fundo la leso, akahesabu bei yote iliyoandikwa. Mama yangu, ambaye hubishana na muuza vitunguu mpaka muuza vitunguu anaomba msamaha, hakuomba apunguziwe hata shilingi. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Suti iko wapi?" nikamwuliza ngazini.

"Imebaki kwa shangazi yako. Ameipenda."

"Ameipenda kwa vipi?"

"Ameivaa."

Basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka, tukalikimbilia, na sikumsemesha mpaka tulipofika Kericho. Kukaa rehani mchana kutwa ili shangazi apate nguo mpya ya bure! Nilimwona mama mnyonge, nikaona aibu kuwa binti yake, na nikahakikisha amejua.

Jumamosi, tuliporudi Nairobi kwa arusi, shangazi alifika kanisani akiwa ndani ya pichi, mabega juu, goti limepona. Vijana wa kupokea wageni walikuwa wameagizwa na wakwe kwamba mwenye rangi ile ni mama wa bwana arusi. Wakamkamata mkono kwa heshima, wakampeleka mbele, wakamkalisha karibu na baba. Naye hakuwasumbua kwa kuwasahihisha. Baba, ambaye hajui mambo ya nguo, alisogea kumpisha dada yake na kutazama madhabahu. Mama wa bibi arusi akamkumbatia, pichi kwa pichi, na mpiga picha akawapiga. Mama yangu alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa. Alionyeshwa nafasi safu ya nne, na akaenda kukaa.

Niliinuka. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, na yalikuwa maneno ya kuvunja arusi. Mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu zile za kuchuma majani chai, akaniketisha.

"Kwa nini hukumvua?" nikamnong'oneza. "Ni kiti chako kile. Kwa nini hukungoja umvue?"

Alikuwa anamtazama mwanawe pale mbele, amesimama katika suti yake nyeusi.

"Alijifungia nayo chumbani," akasema polepole. "Nikabisha. Akasema ameshalala, nirudi kesho. Ningengoja pale mlangoni, ningeipata, hata kama ni usiku. Lakini saa ilikuwa tisa na nusu, na wewe ulikuwa kwa watu mimi siwajui."