Kipande cha Samawati

Kwetu hakuna reli, lakini Munigi tulikuwa na stesheni. Ndivyo mzee mwenye kituo alivyokiita. Ujanani alifanya kazi ya reli huko kusini, akarudi na filimbi, akawa anayapulizia mabasi madogo ya Rutshuru kana kwamba bila yeye yasingeondoka. Stesheni yenyewe ilikuwa banda la mabati juu ya mawe meusi ya volkano, na benchi moja lenye miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa jiwe. Nilimcheka sana mzee yule, Mungu anisamehe.

Mama yangu alibaki kijijini, upande wa Rutshuru, akilima. Kila Ijumaa alinitumia mfuko wa maharagwe kwa basi. Hakujua kuandika, kwa hiyo aliufunga kwa kipande alichochana kwenye kikwembe chake cha zamani, kitenge cha samawati chenye ndege wa njano. Nikiona samawati, najua mama mzima. Mzee alishusha mifuko yote, akaipanga kwenye benchi, kila mtu akachukua wake. Kabla ya kuondoka nilimpimia bakuli moja, naye alilipokea kwa mikono miwili.

Vita viliporudi, barabara ilifungwa. Wakimbizi walipita na magodoro vichwani, nami niliwauliza habari za kijiji cha mama. Mwanzoni niliuliza nikitetemeka. Baadaye niliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Hofu nayo huchoka. Ijumaa nilikwenda kituoni vilevile.

“Muzee, mufuko yangu haiko?”

“Haiko, mama. Utarudia.”

Ijumaa ya tano basi moja likafika, la mizigo tu bila abiria, na kwenye benchi nikaona samawati. Sikupiga vigelegele. Nilikaa kando ya mfuko, nikasema moyoni: yu hai, basi. Nikampimia mzee bakuli lake. Akarudisha mikono nyuma.

“Peleka tu kwa batoto, mama.”

Wiki iliyofuata akakataa tena, na iliyofuata pia, wala hakupuliza filimbi nikiwepo. Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu kwamba cheo cha stesheni kimempanda mzee kichwani.

Tulikula maharagwe yale miezi miwili. Kisha vita vikafika hadi kijijini kwenyewe, na mama mdogo, mdogo wake mama, akaja kwa miguu pamoja na wakimbizi wengine. Nilimkuta kituoni, ameketi kwenye benchi, amevaa kikwembe cha samawati. Upindo wake ulikuwa umechanwachanwa.

“Mama iko wapi?” nikauliza.

Akanitazama kwa mshangao. “Si nilituma shofere akuambie? Alikufa na homa, tukiwa tumejificha kwa mashamba. Tukamuzika, tukagawana nguo. Mimi njo nilikuwa nafunga ile mifuko. Alisema maharagi isikatike.”

Dereva wa basi alikuwa amemwambia mzee, ili mzee anifikishie mimi. Lakini kwetu habari ya kifo huletwa na ndugu, nyumbani, aliyefiwa akiwa ameketi. Haitolewi na mtu baki kando ya barabara. Mzee alikuwa anangoja ndugu yangu afike, na barabara ikamchelewesha.

“Haikukuwa ya mimi kusema,” mzee alisema, akiangalia upande wa Rutshuru. “Na kukula maharagi yako nikijua, ilinishinda.”

Nilitafuta machozi, sikuyapata. Nilitaka kumkasirikia, nikaona hata hasira imeniishia. Nilibeba mzigo wa mama mdogo, tukaenda nyumbani. Chungu kilikuwa jikoni tangu asubuhi, maharagwe ya Ijumaa iliyopita, yameiva. Nilimpakulia mama mdogo kwanza, kisha watoto. Sahani ya mwisho niliifunika, nikaipeleka stesheni.

Mzee aliniona nikija. Alisimama, akapokea kwa mikono miwili, akala yote.