Siku Mama Alipotema Maji Chomboni

Nilipokuwa mtoto mkubwa wa kutosha kwenda shule lakini bado nadeka kubebwa, mgongo nilioutaka haukuwa wa mama yangu. Ulikuwa wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Mama alikuwa mkali na mikono yake ilikuwa na haraka. Mama mdogo alicheka upesi, na alinisuka nywele bila kunivuta. Alipomzaa Masanja, nilimchukia yule mtoto kwa moyo wangu wote, maana alikuwa amekaa mahali pangu.

Tuliishi upande wa Geita, baba akiwa mchimbaji mdogo. Tangu amwoe mama mdogo, duara lake, lile shimo alilochimba na wenzake, lilianza kutema dhahabu, na watu wakasema ni nyota ya yule mwanamke. Basi kila mama aliponuna, majirani walijua sababu. Mimi pia nilidhani naijua.

Bibi mzaa baba aliishi kisiwani, na alitaka kumwona mjukuu wake mpya. Baba hakuweza kuliacha duara, kwa hiyo aliwatuma wake zake wote wawili pamoja, jambo ambalo mwanamume mwenye akili timamu hafanyi. Tukapanda mtumbwi wa tanga uliokuwa ukipeleka mahindi visiwani.

Nahodha wetu, Mzinza mmoja mwembamba, alikuwa na sharti lake. Kabla ya kuondoka kila mtu mzima alisukutua kwa maji ya ziwa, akayatema, akasema hana kinyongo na yeyote aliyemo chomboni. Watu wa ziwani waliamini kwamba upepo haumbebi mwenye kinyongo, na kwamba anayedanganya hapo huwaponza wote. Mama akasukutua, akatema, akasema moyo wake ni mweupe. Nilimtazama. Hata mimi nilijua anadanganya.

Hadi kisiwa cha kwanza tulikwenda vizuri. Tulipokiacha kuelekea kwa bibi, upepo ukaanza kufifia. Tanga lilijaa kidogo, likalala, likajaa tena kidogo. Kisiwa cha nyuma hakikuondoka na cha mbele hakikusogea. Wanaume walipiga makasia, lakini mzigo ulikuwa mzito. Masanja alikuwa ameamka na homa, na jua likaizidisha. Alilia mpaka sauti ikamwishia, akabaki anafungua mdomo tu. Mama mdogo alimpepea kwa upande wa khanga na hakunitazama hata mara moja. Nilikaa juu ya gunia nikiwa na wivu.

Nahodha akachota maji kwa kopo, akalipitisha upya. Hakumtaja mtu. Abiria walitema na kusema vyao: mmoja alimkasirikia shemeji yake kwa ajili ya mbuzi, mwingine alidai mwenzake amemkalia mzigo. Kopo lilipofika kwa mama, alilishika tu.

"Mayu," nahodha akamwambia taratibu, kama Wasukuma wanavyomwita mama wa mtu, "kuna mtoto humu."

Watu wakakaa tayari kusikia habari za mume. Mama akatema maji, akamgeukia mama mdogo.

"Mama Masanja, kwa mume sikuonei wivu, wala hiyo nyota yako siitaki. Ila Kabula akianguka anakulilia wewe. Nimemzaa mimi, halafu nasimama pale kama mgeni. Hilo ndilo linaloniua."

Kabula ni mimi. Nilitamani kujificha ndani ya gunia.

Mama mdogo alilipokea kopo. Alisukutua, akatema, akasema, "Nimekusikia, dada. Nakurudishia mwanao."

Upepo ulikuja, ingawa si papo hapo kama wanavyosimulia nyumbani. Makasia yalifanya kazi kubwa kabla tanga halijajaa. Tulifika, Masanja akapelekwa zahanati, akapona. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki pale Nyahanga, na ni mnene.

Pale ufukweni nilikimbilia mgongo wa mama mdogo kama kawaida yangu. Aliniondoa mikono shingoni, kidole kimoja kimoja, akaniambia niende kwa mama yangu. Hakunisuka tena tangu siku ile. Alishika neno lake mpaka nikaolewa.

Wavuvi wameniambia kwamba sehemu ile hutulia mchana na upepo hurudi kwa saa zake. Huenda. Lakini nchi kavu mama asingeyasema yale hata kwa fimbo, na hilo nalishukuru, kwa sababu alijifunza kunibembeleza, akichelewa na akikosea. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kopo lile halikuletwa kwangu. Mimi ndiye niliyetolewa mkono mmoja kwenda mwingine, na hakuna aliyeniuliza nina nini moyoni.

Sasa mama amezeeka na anaishi kwangu. Mama mdogo akinipigia simu, natoka nje kuzungumza naye. Mama naye, ndani, anapunguza sauti ya redio.