Kidonge cha Zenebech na Kikombe cha Kwanza

Zenebech wa Debark, mji wa milimani huko Ethiopia, alijulikana kwa mwiko wake. Mwanamke akijifungua mtaani, ndiye aliyeitwa kusonga ugali wa shayiri wa mzazi, ule mgumu unaochimbwa shimo katikati likajazwa siagi na pilipili. Wanawake wenzake walisonga wakipokezana. Yeye alisonga peke yake, tena huku anapiga soga.

Sasa zamu ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Enanu. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao huko milimani mtoto wa kwanza binti huja kumzalia nyumbani kwa mama yake. Lakini mikono ilikuwa imemwishia nguvu Zenebech. Anakaa juani na bado anasikia baridi, anasinzia na pamba ya kusokota mkononi, na sauti inakwaruza kama ya shemasi mzee. Uvimbe wa shingoni alikuwa nao tangu usichana, kama nusu ya wanawake wa pale, na hakuna aliyeuhesabu kuwa ugonjwa.

Kituo cha afya wakamtoa damu, ikapelekwa Gondar, ikarudi na namba: thelathini na sita.

"Si haba," alisema Zenebech. "Kumbe nguvu bado ninazo nyingi!"

Muuguzi Emebet, ambaye angeweza kuwa mwanawe, akavuta kiti. "Mama yangu, hii haisomwi kama magunia ya shayiri. Hapo shingoni una tezi, ndiyo inayokupa joto na nguvu. Kichwani yupo msimamizi wake. Tezi ikilegea, msimamizi anaipigia kelele. Namba hii ni kelele zake. Kwa mtu mzima mwenye afya hazipiti nne, tano hivi."

"Na mimi thelathini na sita?"

"Wewe msimamizi wako amekauka koo."

Akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Akameza bila kukosa hata siku moja. Miezi mitatu ikapita, damu ikapimwa tena: thelathini na tatu.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wa Enanu alituma maneno: binti ana mimba ya miezi saba, azalie huku kwetu, maana mama yake hata mtungi wa maji haubebi. Yirgedu, jirani wa Zenebech, aliyekuwa anapepea makaa ya kahawa jikoni, ndiye aliyejibu kwa niaba yake, maneno ambayo sitayaandika. Kisha akamgeukia. "Na wewe, tupa hivyo vidonge. Hicho kidonge chako nakiona kila asubuhi. Kazi yake ni kuja kunywa kahawa tu, halafu kinaondoka!"

Wakacheka. Hata hivyo Zenebech alirudi kituoni kuuliza kama kuna dawa nyingine. Daktari alikuwa ameshaandika aongezewe kipimo cha dawa. Emebet akashika karatasi ile, akafikiri kidogo.

"Mama, unameza na nini?"

"Na kahawa. Ile ya kwanza kabisa, nzito, yenye chumvi yake kidogo." Alisema kwa fahari. "Dawa kutoka mbali vile, nitaipokea na nini kingine?"

Emebet alijifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Mama yangu we! Kahawa inakizuia kisiingie mwilini. Umekipa heshima, kikaishia mlangoni."

"Kwa hiyo Yirgedu alisema kweli?"

"Alisema nini?"

"Basi tu. Hataacha kunisema mpaka kaburini."

Wakakubaliana na daktari, kipimo cha dawa kibaki kilekile kwanza. Ameze alfajiri, kwa maji, kabla ya kwenda kanisani. Kahawa mpaka arudi, saa nzima imepita.

"Maji matupu?" Zenebech aliuliza.

"Maji matupu. Na usubiri wiki sita, mama. Msimamizi hanyamazi kwa siku mbili."

Asubuhi za mwanzo alimeza kwa aibu, kama mtu aliyemkaribisha mgeni nyumba haijafagiwa. Wiki ya nne aliamka akakuta ametupa shuka moja kando. Wiki ya tano alibeba mtungi mpaka kwa Yirgedu, ambako hapakuhitajika maji, akautua mbele yake, akarudi kwake.

Namba ya tatu ilikuwa tano na nusu.

"Amenyamaza?" aliuliza.

"Bado ananong'ona," alisema Emebet. "Tutapima tena."

Habari ya mtungi ilikuwa imemfikia mama mkwe, na Enanu alifika kwao siku tatu baadaye, mkono mmoja kiunoni, na kabla ya Jumapili akapata mtoto wa kike. Zenebech alibandika sufuria, akamwaga unga, akaanza kusonga. Katikati alipumzika mara moja, ameegemea mwiko. Yirgedu akanyoosha mkono kuupokea.

"Keti chini," Zenebech alimwambia. "Wewe mimina kahawa. Kidonge changu nimeshameza."