Zamu ya Mwalimu Mitali

Nilifunga safari kwa sababu Mwalimu Mitali aliniita, na yule mama si wa kuitwa naye ukakataa. Alinifundisha hisabati pale Morogoro, Mbengali aliyekuja kufundisha akiwa msichana, akazeeka nasi. Sasa anaishi Johannesburg kwa mwanawe Tapan, mhadhiri, niliyekua naye kama ndugu wa tumbo moja. Kwenye simu alisema maneno machache: "Njoo umseme mdogo wako. Amekataa zamu." Zamu gani, hakueleza. Nikamwachia mume wangu duka na kuku, nikaondoka.

Kwenye basi, kutoka Morogoro hadi Tunduma nilikuwa mzima. Zambia yote miguu ilivimba, na Zimbabwe ilinyesha mvua sikuona kitu. Mpakani Beitbridge ofisa aliniuliza nakwenda kufanya nini kwao. Nikamwambia nakwenda kumsema mtu. Akagonga mhuri bila kucheka.

Johannesburg tuliingia asubuhi, baridi ya kukata masikio. Alikuja kunipokea Maman Furaha, jirani yao, Mkongomani mwenye cherehani yake kule Yeoville. "Mwalimu iko anakungoya tangu jana," alisema, akaninyang'anya begi. Tukapanda teksi hadi mtaa wao wa Bertrams, tukisimama kila robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani.

Bertrams, nyumba ndogo yenye baraza. Mwalimu alikuwa kitini na blanketi magotini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniambia nimekonda. Uongo mtupu, lakini niliupokea. Chai ilipomiminwa akanieleza habari ya zamu.

Babu wa babu yake alikuwa mwenye ardhi kule Bengali, India, enzi za Waingereza. Wakulima walilima, yeye akachukua kodi, akampelekea mkoloni fungu lake, na kilichobaki akajengea jumba: nguzo nene, ua mkubwa katikati, na upande mmoja ukumbi wa Durga, mungu wao wa kike. Alipoona wanawe wanagombana yeye angali hai, akaliandikisha jumba kwa jina la Durga mwenyewe. Mwenye nyumba akawa mungu. Wanadamu wakabaki walinzi tu, kila tawi la ukoo likishika zamu ya mwaka: kuwasha taa, kumpelekea mungu chakula, kufanya sikukuu. Baadaye nchi ikagawanywa, mashamba mengi yakabaki ng'ambo ya mpaka, na yaliyosalia serikali ikawapa waliokuwa wakiyalima. Jumba halikuguswa. Lakini nyumba ya mungu, nani atajitolea kuiezeka? Kila tawi lilingojea la zamu inayofuata, na paa likavuja.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya tawi la Mwalimu, na tawi lenyewe ni yeye na Tapan basi. Binamu walishatuma neno: asipotokea mtu, watahesabu tawi hilo limekauka, wataiomba mahakama ruhusa ya kumhamishia Durga kwenye hekalu dogo la mjini, jumba liuzwe. Mwalimu hata ngazi za baraza lake zinamshinda. "Miaka yote wamenishikia zamu kwa kuwa nilikuwa mbali," aliniambia. "Sitaki ifie mkononi mwangu." Akalia. Sikuwa nimepata kumwona Mwalimu akilia, hata alipofiwa na mumewe.

Jioni Tapan alirudi kutoka chuoni Braamfontein. Sikumpa nafasi ya kuvua koti. Nikammwagia yote: nauli unayo, likizo unayo, mama yako ana haja moja tu duniani, wewe una roho gani? Akala wali wake mpaka nikaishiwa.

Ndipo akasema. Utotoni aliwahi kupelekwa kule na baba yake wakati wa sikukuu. Wakampa kiti uani. Akaja mzee Karim, ambaye baba zake walilimia ukoo ule, ameleta nazi za sikukuu, akaketi chini. Tapan akainuka ampishe. Wajomba wakamvuta mkono, wakacheka, na mzee naye akacheka.

"Mzee mwenye mvi, dada, akanifutia kiti kwa shuka lake nikae. Siwezi kwenda kusimamia jambo lile."

Mwalimu hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Nilikuwa nimevuka nchi tatu kumsema mtu bila kuuliza kinachomuuma.

"Mwaka huu mwenye zamu ni wewe," Mwalimu alimwambia. "Viti utapanga wewe. Nenda ukamkalishe."

"Atakuwa alishakufa, Mama."

"Ana watoto."

Tapan akaenda kuosha vyombo, akaviosha muda mrefu kuliko vilivyostahili. Aliporudi anajifuta mikono, aliuliza sikukuu inaangukia mwezi gani.

Nikarudi nyumbani na gauni la kitenge alilonishonea Maman Furaha. Kuku wawili niliwakuta hawapo. Mume wangu alisema mwewe. Tangu siku ile najizuia kuwasema watu kabla sijawasikiliza, ingawa huyo wa kuku sikumsikiliza sana.

Mwezi wa kumi Mwalimu alinipigia. Tapan alikuwa amefika, taa imewashwa. Jumba bado linavuja, na mwakani zamu ni ya walewale wanaotaka kuuza, kwa hiyo hilo halijaisha. Mzee Karim alikuwa ameshafariki. Mwanawe ndiye aliyekuja na nazi, na binamu wawili wakanuna wakaingia ndani.

"Na kiti?" nikauliza.

"Alikaa," alisema Mwalimu. "Tapan alikifuta kwanza."